Maswali ya Wasomaji: Kuugeuza wimbo wa mwenzako uwe kichekesho

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Morogoro, Mombasa na Tanga, na kila moja kwa njia yake inauliza mtu anaruhusiwa kufika wapi na kazi iliyotungwa na mwingine. Nimeipa nafasi kubwa ile ya kwanza kwa sababu inagusa jambo ambalo vijana wetu wengi hulielezwa vibaya wakiwa studio.

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Sisi ni vijana wanne wa Morogoro, tunatengeneza vichekesho vya muziki na kuvipandisha YouTube. Tuliuchukua wimbo mmoja wa mapenzi uliotamba sana, tukashusha biti yake mtandaoni na kuweka maneno yetu juu ya melodi ileile. Katika wimbo wenyewe mwanamume anakuja kumchukua mpenzi wake kwa gari la kifahari na kumwahidi nyumba ya ghorofa. Katika wimbo wetu anakuja na bodaboda ya mkopo, mafuta yanamwishia Msamvu, bibie anashuka kusukuma, na huku anasukuma bado anamsifia kwa maneno yaleyale ya wimbo wa kwanza. Ubeti wa pili tumeusemea ushuru wa taka tunaoulipa mtaani kwetu bila kuliona gari la taka. Kabla ya kurekodi tuliwaandikia wenye wimbo kuomba ruhusa, wakakataa kwa mstari mmoja. Tukaendelea, na baada ya wiki mbili video ikaondolewa. Rafiki yetu wa studio anasema ukibadilisha asilimia 30 ya wimbo hushtakiwi. Je, tumekosa? Na ile barua ya kuomba ruhusa haitakuwa ushahidi kwamba tulijua tunakosea?
Vijana wanne, Morogoro

JIBU: Marahaba, vijana wangu. Nimeyasoma maneno ya wimbo mliyoyaambatisha, na nianze na hiyo asilimia 30, maana imewaponza wengi. Hakuna sheria ya Tanzania, ya Kenya wala ya Marekani inayotaja asilimia 30, au sekunde saba, au idadi fulani ya noti. Mahakama huangalia uzito wa kilichochukuliwa, na kipande kifupi kinachomfanya msikilizaji autambue wimbo papo hapo kinaweza kuwa ndicho kiini chake. Mwambieni rafiki yenu aache kuwapa watu hesabu hiyo.

Kesi inayofanana na yenu zaidi ilizaliwa Marekani mwaka 1989. Mwaka 1964 Roy Orbison na William Dees walikuwa wametunga "Oh, Pretty Woman", wimbo wa mwanamume anayemtazama mrembo akipita njiani na kutamani ageuke, na hakimiliki yake ilishikwa na kampuni ya Acuff-Rose Music. Kundi la rap la 2 Live Crew likatunga toleo lake la kuuchekesha. Meneja wao aliiandikia kampuni, akaambatisha maneno na rekodi, akaahidi kwamba watunzi watatajwa na kwamba kundi liko tayari kulipa. Kampuni ikakataa. Kundi likautoa wimbo hivyo hivyo, likiwataja Orbison, Dees na kampuni yenyewe, na karibu nakala robo milioni zilikuwa zimekwisha kuuzwa kampuni ilipokwenda mahakamani. Mahakama ya mwanzo ililipa kundi ushindi, mahakama ya rufaa ikaupindua, na tarehe 7 Machi 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, ikaupindua uamuzi wa rufaa kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji David Souter.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa polepole, kwa sababu majaji waliusikiliza wimbo kama wanavyousikiliza wanamuziki. Waliona kwamba 2 Live Crew walichukua mstari wa kwanza wa maneno pamoja na ule mlio wa besi unaojirudia, ambao yeyote anayeujua wimbo wa zamani akiusikia anainua kichwa. Kisha maneno yanageuka. Yule mrembo wa njiani anakuwa mwanamke mwenye manyoya mengi, mara mwenye kipara, mara asiye mwaminifu. Kwa Mahakama, mgongano huo wa ndoto ya kimapenzi na maneno machafu ya mtaani ulikuwa na kauli ndani yake, yaani kwamba wimbo wa zamani uliyatazama maisha kwa jicho la kitoto mno. Iwapo kauli hiyo ina ladha nzuri au mbaya, majaji walisema si kazi yao kuamua.

Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti ambayo ningependa kila mchekeshaji aijue. Parodi huichukua kazi ya mtu ili kuisema kazi hiyohiyo. Lazima iige, kwani msikilizaji asipoitambua kazi ya kwanza, utani haupo. Tashtiti, yaani kejeli inayoilenga jamii, viongozi au tabia za watu, inaweza kusimama kwa miguu yake, na kwa hiyo ikiazima kazi ya mtu inatakiwa ieleze kwa nini imeazima. Mtu asiyeisema kazi aliyoichukua, ila ameitwaa kwa kuwa inavutia watu na inampunguzia jasho la kutunga yake, dai lake la kuachiwa bure hupungua nguvu, na pengine huisha kabisa.

Sasa uwekeni wimbo wenu kwenye mizani hiyo. Ubeti wa kwanza ni parodi, tena nzuri. Bibie anaposukuma bodaboda pale Msamvu huku akikariri sifa zilezile alizosifiwa mwenye gari la kifahari, mnachokicheka ni wimbo wenyewe na imani yake kwamba mapenzi huja na magurudumu manne. Ubeti wa pili ni habari nyingine. Malalamiko yenu kuhusu ushuru wa taka ni ya haki na ningependa yasikike, lakini hayauhusu wimbo huo kwa lolote. Yangeimbwa kwa melodi yoyote, ikiwemo ya kwenu wenyewe. Kwa kipimo cha Marekani, ubeti wa kwanza una utetezi wenye nguvu na wa pili una utetezi mdogo sana.

Kuhusu barua ya kuomba ruhusa, msiwe na hofu. Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuomba kunaweza kuwa nia njema tu ya kuepuka kesi, na kwamba ikiwa matumizi ni halali, kukataliwa hakuyafanyi kuwa haramu. Jaji Souter aliongeza jambo ambalo kila mtu wa sanaa analijua moyoni, kwamba ni nadra sana mtunzi kutoa leseni ya kazi yake kuchekwa. Akaenda mbali zaidi akafananisha parodi kali na uhakiki mkali wa tamthilia. Parodi ikiwafanya watu wasiupende tena wimbo wa kwanza, hasara hiyo si ya hakimiliki. Hasara ambayo sheria inaitazama ni pale kazi mpya inapoichukua nafasi ya ile ya kwanza sokoni, mnunuzi akanunua hii badala ya ile. Kesi yenyewe ilirudishwa chini ili soko la matoleo ya rap lichunguzwe na ionekane kama ule mlio wa besi ulirudiwa kupita kiasi, na baadaye wahusika wakapatana.

Hayo ni ya Marekani, nanyi mko Morogoro. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, Na. 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi peke yake haki ya kuirudufu kazi yake, kuitafsiri, kuigeuza na kuipanga upya. Kisha inataja matumizi machache yasiyohitaji ruhusa, kama vile matumizi binafsi, kunukuu kwa kiasi kinachofaa na kwa kutaja chanzo, kufundishia na kuripoti habari. Parodi haimo katika orodha hiyo. Mtunzi ana pia haki ya kimaadili, yaani kutajwa jina na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Wakili wenu angelazimika kuupitisha wimbo mzima katika mlango wa kunukuu, na mlango huo ni mwembamba. Melodi nzima tangu mwanzo hadi mwisho si nukuu. Kwa hiyo, kwa sheria ya hapa, jibu langu ni kwamba mmejiweka hatarini, na barua iliyokataliwa haiwapunguzii hatari hiyo.

Naliona hili kuwa pengo katika sheria yetu, na nalisema kama mtu aliyekulia katika taarabu na malumbano ya mashairi. Watu wa pwani wamekuwa wakijibizana kwa kuokota maneno ya mwenzao na kuyageuza makali tangu kabla ya hakimiliki kujulikana huku. Sheria inayosema "omba ruhusa kwanza" inamkabidhi anayechekwa ufunguo wa kumfunga mdomo anayecheka. Nchi nyingine zimekwisha kuliona hilo. Ufaransa iliiruhusu parodi kwa jina lake katika sheria yake ya mwaka 1957, Uingereza ikaiingiza tarehe 1 Oktoba 2014, na hapa Afrika Nigeria imeitaja katika sheria yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 haikuitaja, lakini inaamuru mahakama ipime uhalali wa matumizi kwa vigezo vinne vinavyofanana na vile vya Marekani, yaani lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari yake sokoni. Sheria yetu ikifanyiwa marekebisho siku moja, neno hilo moja liingizwe.

Msidhani, hata hivyo, kwamba nchi ikiitaja parodi basi kila kitu kinapita. Mwezi Januari 2011, mjini Gent nchini Ubelgiji, mwanasiasa mmoja wa chama cha Vlaams Belang aligawa kalenda yenye mchoro ulioiga jalada la katuni maarufu ya Suske en Wiske. Katika jalada la asili mtu mkarimu anarusha sarafu na watu wanaziokota. Katika kalenda mrushaji alikuwa meya wa Gent, na waokotaji walichorwa kuwa wanawake waliojifunika na watu wenye ngozi nyeusi. Tarehe 3 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba parodi inahitaji mambo mawili tu: iikumbushe kazi iliyopo huku ikionekana wazi kuwa tofauti nayo, na iwe na ucheshi au dhihaka. Ila ikaongeza kwamba mahakama ya nchi lazima ipime haki ya kusema dhidi ya haki ya mwenye kazi, ambaye ana sababu halali ya kutotaka kazi yake ihusishwe na ujumbe wa ubaguzi. Wimbo wenu hauna doa hilo. Nimeileta kesi hii ili ubeti mtakaoandika kesho usiingie humo.

Sasa video yenu. Chunguzeni kwanza iliondolewaje. Kuna dai linalotokana na mitambo ya YouTube kuutambua wimbo yenyewe, na kuna notisi rasmi iliyoandikwa na mwenye hakimiliki chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Ikiwa ni hiyo ya pili, mnaruhusiwa kupeleka pingamizi, na mwenye wimbo asipofungua kesi, video hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Pingamizi hilo si fomu ya kujaza kwa hasira. Mnatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba mnaamini video iliondolewa kimakosa, na mnakubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Upande wa pili nao unabanwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya huko California iliamua kwamba mwenye hakimiliki lazima afikirie kama matumizi ni halali kabla ya kutuma notisi. Kesi hiyo ilitokana na video ya sekunde 29 ya mtoto mdogo akicheza jikoni huku wimbo wa Prince, mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, ukisikika kwa mbali.

Ningekuwa mimi, nisingepeleka pingamizi kwa video ilivyo leo. Ubeti wa taka utoeni, mkautungie melodi yenu. Biti mliyoishusha msiitumie tena, kwa kuwa rekodi ina haki yake mbali na haki ya utunzi. Pigeni vyombo wenyewe, chukueni kile tu kinachotosha kuukumbusha wimbo, kisha ondokeni kwenye melodi na muende zenu. Watajeni watunzi. Mkisha kufanya hivyo, ipelekeni kazi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) mkapate ushauri kabla ya kuipandisha.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mchoraji wa Mombasa. Nilipata katika gazeti la zamani picha ya mwanamuziki wetu mmoja wa taarabu aliyekwisha kufariki, ikiwa imepigwa miaka ya tisini. Nimeichora kwa rangi kali, nikaondoa mandhari yote nyuma, na ninaiuza kwenye fulana. Mpiga picha amenipigia simu anadai malipo. Mimi naona huu ni mchoro wangu, nimetumia mkono wangu. Na mwenyewe aliye pichani ameshafariki. Je, ana haki?
Mchoraji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Ana haki, ndugu yangu, na nakushauri umpigie simu wewe kabla hajakuandikia wakili wake. Kifo cha mwanamuziki hakigusi hakimiliki ya picha, kwani picha ni kazi ya aliyeipiga, au ya gazeti kama aliajiriwa kuipiga, na Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kwa miaka 50. Sheria hiyo inaruhusu kutumia kazi kwa haki kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari. Fulana ya kuuza haimo humo.

Hoja ya mkono wako ina uzito wake, na wapo majaji walioikubali. Lakini tazama yaliyompata mtu mwenye mkono mashuhuri kuliko wote katika sanaa hii. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha Prince, yule yule wa video ya mtoto jikoni. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha hiyo itumiwe mara moja tu, kama kielelezo cha mchoraji. Mchoraji huyo alikuwa Andy Warhol, na Warhol hakutengeneza mchoro mmoja, bali mfululizo wa kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast, mchapishaji wa Vanity Fair, iliilipa taasisi inayosimamia kazi za Warhol dola 10,000 kwa kuchapisha mmojawapo kwenye jalada. Goldsmith hakupata hata senti moja. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kwamba kwa matumizi yale kigezo cha lengo kilimwelemea Warhol. Picha ya Goldsmith na mchoro wa Warhol, zote mbili, ziliuzwa kwa magazeti kwa kazi moja, kumwonyesha msomaji sura ya Prince, na mabadiliko ya rangi na mtindo hayakutosha kuifuta haki ya mpiga picha.

Nawe jiulize fulana yako inasema nini kuhusu picha ile. Kama inachosema ni kwamba mwanamuziki huyu alikuwa mkubwa na tunamkumbuka, hilo ni jambo jema, lakini picha ya gazeti ilikuwa ikisema hilohilo. Kubalianeni kiwango kwa kila fulana, mwandikishane, na jina lake liwekwe ndani ya shingo chini ya lako.

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Nilichapisha gazetini tarbia ya beti saba kuwahimiza vijana warudi shambani, na kibwagizo changu kilikuwa: "Jembe halitupi mtu, alishikaye kwa moyo." Mwenzangu mmoja akanijibu kwa vina vyangu vyote, na kibwagizo changu akakipindua: "Jembe latutupa watu, tulishikao kwa moyo." Sikukasirika, alinijibu vizuri. Ila sasa ametoa diwani ya kuuza, na ndani yake ameliweka shairi langu zima kando ya lake bila kuniambia, na nasikia anaandaa chapa ya pili. Ana ruhusa hiyo?
Mshairi, Tanga

JIBU: Salaam, malenga. Umetenganisha mwenyewe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Bahari ya tarbia, mizani kumi na sita na vina vya kati na mwisho havina mwenyewe. Muyaka bin Haji alijibizana na wenzake mjini Mombasa kwa nyenzo hizohizo zaidi ya miaka 180 iliyopita, na yeye pia alizikuta. Kibwagizo ni maneno yako, lakini mwenzako amechukua mstari mmoja, akaugeuza ili aupinge mstari huohuo, na wasomaji wa gazeti walijua ni wa nani. Hiyo ni parodi katika sura yake safi kabisa, na kwa urefu wake inaingia vizuri hata katika nukuu zinazoruhusiwa na sheria yetu.

Beti zako saba ni kitu kingine. Shairi zima lililochapishwa upya ndani ya kitabu cha kuuza si nukuu wala jibu, ni kurudufu kazi yako, na ruhusa yako ilihitajika hata kama jina lako limeandikwa juu yake. Hasira huna, basi nawe huna haja ya kuanzia mahakamani. Mwandikie kabla chapa ya pili haijaingia mtamboni, mwambie unaipenda diwani yake, na mtake mkubaliane kwa maandishi kuhusu sehemu yako ya mrabaha. Shairi lako litangulie lake, kwa kuwa jibu halisomeki vizuri msomaji asipoanza na swali.